Gramu Mia na Ishirini za Nusukilo

Nusukilo aliingia kwenye karakana ya mizani akiwa ni ubovu. Si paka. Ubovu kabisa, tena umeandikwa kwenye kikaratasi: "Inazidisha nusu kilo asubuhi, mchana inakaa sawa." Kikaratasi kilifungwa kwa uzi kwenye mizani kubwa ya magunia, na aliyeileta alikuwa mwenye mashine ya kusaga, mzee ana unga mpaka kwenye kope, amevimba kwa hasira kwa sababu wateja walishaanza kumwita mwizi.

Fundi Ratili alifurahi kama aliyeletewa zawadi. Ubovu wa kawaida aliurekebisha huku anapiga miayo, lakini ubovu wenye ratiba, wa asubuhi upo, mchana haupo, huo alikuwa hajawahi kuuona miaka thelathini na moja ya kazi. Akalala kifudifudi sakafuni, akafungua bati la chini, akamulika tochi. Macho mawili yakamwangalia. Juu ya chuma kinachobeba uzito, penye giza na joto, kitoto cha paka kilikuwa kimejikunja kimelala, na kila kikilala hapo mizani nzima inakihesabu.

"Vituko!" akamwita binti yake. "Lete jiwe la nusu kilo, haraka!"

"La nini, Baba?"

"Nahakikisha ubovu!"

Paka akawekwa sahani ya huku, jiwe sahani ya kule. Mshale ukacheza kidogo, ukasimama katikati kama umepigiliwa msumari. Mwenye mashine ya kusaga akaondoka na mizani yake na kumkana paka mchana kweupe. "Mimi nimeleta mizani," alisema, "wanyama siwajui." Jina likawa limeshapatikana.

Basi miezi miwili ya kwanza ilikwenda vizuri, ila kwa jambo moja. Nusukilo alikuwa hali, alikuwa anavamia. Sahani ikigusa sakafu, kichwa kimeshazama, hatafuni, anameza kama anakimbizwa. Akimaliza anajilamba, anatembea hatua nne tano, anasimama, mgongo unapanda, mbavu zinapiga kama cherehani, halafu mambo yote yanarudi nje kama yalivyoingia. Mara moja kwa siku. Kisha mara mbili. Kisha ikawa kila chakula. Alitapika juu ya mkeka, ndani ya kiatu cha Mama Vituko, na siku moja juu ya mizani ya dhahabu ya sonara, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa imewashwa, kwa hiyo Fundi akajua hasara ya siku hiyo ilikuwa gramu kumi na tisa nukta nne.

"Huyu mwanao ataniua," Mama Vituko alisema, ameshika kiatu kwa vidole viwili. "Anakula kama watu, anatoa kama bomba. Mpelekeni kwa daktari!"

Wakampeleka Jumamosi. Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, mikono yake haitulii. Alimbonyeza Nusukilo tumbo, akamfungua mdomo, akamweka kwenye mizani yake ya kidijitali iliyokaa katikati ya meza. Kilo moja na gramu themanini.

"Kwa umri wake ni mdogo mno," alisema. "Ana minyoo, hilo nina hakika, na anakula kwa pupa. Nitampa dawa ya minyoo leo. Chakula mlainishe kwa maji ya uvuguvugu, gramu kumi na tano tu kwa mara moja, mara tano kwa siku. Akishakula muacheni atulie. Mrudisheni baada ya wiki mbili. Akifika kilo moja na mia mbili, nitajua tumbo linafanya kazi. Asipofika, kuna kitu kimeziba humo ndani, itabidi nimfungue niangalie."

"Kumfungua?" Fundi Ratili aliuliza. Kufungua kwake ni bisibisi.

"Upasuaji. Na sikufichi, Mzee wangu, kwa mwili huu mdogo, usingizi wa dawa ni hatari. Wengine hawaamki."

 Njiani Nusukilo alikuwa ndani ya kikapu, ametoa pua kwenye tundu, ananusa dunia. Walipofika nyumbani Fundi akachukua chaki, akaandika ukutani juu ya meza ya kazi: 1,080. Chini yake: 1,200. Akapiga mstari.

"Gramu mia na ishirini," alisema. "Siku kumi na nne. Tunazileta!"

"Tunazileta!" Vituko akarukia.

Sasa, lazima mtu amwelewe Fundi Ratili. Masokoni alikuwa akipita, wauzaji wananyooka. Akilini mwake, kitu ambacho hakijapimwa kilikuwa ni uvumi. Mchele wa nyumbani alipima, barua alipima kabla ya kuipeleka posta, na Vituko alipozaliwa, nesi alipotaja kilo tatu, yeye aliuliza mizani ilikaguliwa lini. Kwa hiyo maneno ya daktari aliyasikia kwa namna yake. Kumi na tano akasikia. Tano akasikia. Mia mbili akasikia. Yasiyokuwa na namba yalipita kama upepo.

Mpango wake ulikuwa hivi: kila chakula, Nusukilo atapimwa kabla na baada. Akitapika, matapishi nayo yatapimwa. Tofauti ndiyo iliyobaki tumboni.

"Matapishi, Baba?"

"Matapishi."

"Atayapima nani?"

"Mwenye macho mazuri. Mimi natumia miwani."

"Mama! Njoo umsikie mume wako!"

Nusukilo kwenye sahani ya mizani alikuwa hakai, anaruka kama samaki. Fundi akatoa mizani ya kuning'inia, ile ya springi yenye kulabu, akashona mfuko wa turubai wenye matundu manne ya miguu. Paka anaingizwa mfukoni, mfuko unaning'inizwa kwenye kulabu, miguu minne inaning'inia hewani, tumbo limebanwa sawasawa ili asichomoke, na anayumba kushoto kulia mpaka mshale utulie. Ulikuwa mtambo wa kupendeza. Wapita njia walisimama mlangoni kuutazama.

Siku ya kwanza alitapika mara tatu. Siku ya pili mara nne. Fundi akakaza: pengine kipimo hakijawa sahihi vya kutosha. Akaanza kupima mara mbili baada ya kila chakula. Siku ya tatu, mara tano kwa tano. Chakula kimelainishwa, gramu kumi na tano bila kuzidi punje, minyoo imeshatoka (Mama Vituko aliiona na hataki kuizungumzia), na bado! Anakula, anapimwa, anashushwa, hatua nne tano, mgongo unapanda.

Siku ya tano ukutani palisomeka 1,060. Wamerudi nyuma.

Fundi aliiangalia ile namba mpaka chai ikapoa mkononi. Aliona meza ya yule daktari, taa yake nyeupe, na kiumbe cha kiganjani kimelazwa chali. Nusukilo mwenyewe hakujua kitu. Alikuwa anapigana na kamba ya kiatu cha Fundi, anaishinda.

Siku ya sita Fundi alilazimika kwenda soko kuu. Ilikuwa siku ya ukaguzi wa mizani za wauzaji wote, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hapakuwa na wa kumshikia. Alisimama mlangoni na begi lake la mawe ya shaba, akatoa amri kama anayekwenda vitani.

"Daftari hili hapa. Kabla, baada, matapishi. Vyakula vitano. Usiruke hata kimoja, Vituko. Na usilete mchezo."

"Mimi na mchezo wapi na wapi, Baba?"

Fundi alimwangalia. Huyu ndiye aliyewahi kubandika sumaku chini ya sahani ya mizani, akamwacha baba yake anafungua na kufunga springi nusu siku nzima. Huyu ndiye aliyewahi kumpigia simu kwa sauti nzito, akijifanya bwana mwenye tembo anayetaka kujua bei ya kumpima. Fundi alishafika mpaka kwenye bei.

"Namaanisha," alisema, akaondoka.

Jioni alirudi mbio, vumbi magotini, hata viatu hakuvua. "Daftari!"

Vituko akampa. Fundi akavaa miwani. Safu ya matapishi: sufuri. Sufuri. Sufuri. Sufuri. Sufuri.

"Mama Vituko!" alipiga kelele mpaka mawe ya shaba yakalia begini. "Njoo uone! Siku nzima hakutapika! Siku nzima!" Akamkumbatia binti yake, akamwachia, akamkumbatia tena. Mama Vituko alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaanza kucheza hapohapo bila muziki. Nusukilo, juu ya gunia la vitambaa, alifungua jicho moja, akalifunga.

Halafu Fundi akasoma safu nyingine. Kabla, 1,060, baada, 1,075. Kabla, 1,075, baada, 1,090. Kabla, 1,090, baada, 1,105. Kila mstari unapanda kwa kumi na tano, mpaka wa mwisho, bila kukosea. Furaha ikaanza kumshuka taratibu, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Vituko."

"Abee, Baba."

"Paka huyu hajaenda haja siku nzima?"

"Ameenda. Mara tatu. Nimezoa mwenyewe."

"Na uzito haukushuka hata gramu moja. Anapanda ngazi zilezile, kama yuko jeshini." Akavua miwani. "Hizi namba umezipika."

Vituko akaangalia dari. Akaangalia mlango. Hakuna palipomsaidia.

"Nimezipika," alisema. "Sikumpima hata mara moja. Baba, ananililia! Nikiugusa ule mfuko tu anajificha nyuma ya kabati. Nikasema leo apumzike, nikiandika namba nzuri na wewe utapumzika. Nikamwekea chakula, akala, nikamwacha palepale. Akalala. Basi."

"Kwa hiyo na sufuri umezipika!"

"Hapana!" Vituko aliruka. "Sufuri ni za kweli, haki ya Mungu! Hakutapika, Baba. Muulize Mama!"

"Mimi sijafuta kitu leo," Mama Vituko alisema polepole, kama mtu aliyegundua sasa hivi. "Tangu asubuhi. Kitambaa changu kikavu."

  Fundi aligeuka akaitazama kulabu inayoning'inia juu ya meza, na mfuko wa turubai wenye matundu manne, aliouvuta kamba yake yeye mwenyewe, mara kumi kwa siku, na tangu siku ya tatu zikawa kumi na tano. Tumbo dogo limejaa. Linabanwa. Linayumbishwa kushoto kulia.

Akishakula muacheni atulie. Sasa maneno yalimrudia, yote, hata na sauti ya daktari.

"Ni mimi," alisema. Akakaa juu ya kigoda. "Jamani, ni mimi ninayemtapisha."

Hakuna aliyecheka, hata Vituko, ambaye kucheka kwake ni kama kupumua.

Lakini Fundi Ratili hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa siku moja, hata kosa lake mwenyewe. Kesho yake akafanya jaribio. Chakula cha kwanza, hakuna kumpima: kimya. Cha pili, hakuna kumpima: kimya, paka anakoroma. Cha tatu, mfuko, kulabu, yumba yumba, akashushwa. Hatua nne. Mgongo ukapanda.

"Imetosha!" Mama Vituko alipaza sauti. "Umehakikisha! Sasa teremsha hilo dude kabla sijakuning'iniza wewe!"

Vituko akaing'oa kulabu, akaifunga kwenye gazeti, akaificha mahali ambapo baba yake hakuambiwa. Zikabaki siku saba. Na hapo ndipo taabu ya Fundi ilipoanza, maana alikuwa hajawahi kuishi siku saba bila kujua kitu kina uzito gani.

Siku ya kwanza alikuwa anazunguka meza. Siku ya pili alimkuta Nusukilo amelala karibu na mizani ya sonara, akaanza kuisogeza ile mizani kidole kwa kidole kuelekea chini ya mkia.

"Baba! Nakuona!"

"Nafuta vumbi!"

"Futa ukutani huko!"

Siku ya nne alianza kumbeba, asubuhi tu, kabla hajala, kwenye kiganja kilichokunjuliwa, bila kubana. Alifumba macho. Mkono huo ulikuwa umeinua mawe ya shaba miaka thelathini na moja, lakini hata siku moja hajawahi kuuuliza kitu. Sasa akauuliza. Mkono ukasema: amezidi wa jana. Siku ya tano ukasema tena. Siku ya sita Nusukilo alikula, akatembea hatua nne, hatua tano, watu watatu wameshika pumzi, hatua ya sita, ya saba... akaruka dirishani, akaanza kumtukana ndege wa nje. Vituko alipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

"Atafika?" Vituko aliuliza, Ijumaa jioni.

"Mkono unasema amefika," Fundi alijibu. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Lakini mkono si mizani."

Jumamosi wakaenda watatu, Mama Vituko naye alikataa kubaki. Chumba cha daktari kilikuwa kimebadilika. Jokofu jipya la dawa limeingia, meza imesukumwa kona, kila kilicho juu yake kimebanana ukutani. Daktari aliwapokea kwa furaha, akamtoa Nusukilo kikapuni.

"Hee, macho yanang'aa! Anatapika?"

"Siku saba, hata tone!" walijibu wote kwa pamoja.

"Safi sana. Haya, kijana, panda."

Nusukilo akapanda. Wote wanne wakainama. Namba zikakimbia, zikasimama.

Kilo moja na gramu mia moja thelathini.

 Daktari akamshusha, akampandisha tena. Mia moja thelathini na mbili. Tabasamu lake likafifia. "Amepanda," alisema, "lakini si vya kutosha. Hatapiki, sawa, ila chakula hakimjengi. Hapo naogopa zaidi. Mimi ningesema tumfungue leo, kabla hajadhoofika." Akafungua droo, akatoa karatasi ya kusaini.

Mama Vituko alishika ukingo wa meza. Vituko alimtazama baba yake, na Fundi, kwa mara ya kwanza, aliona binti yake hana mzaha wowote usoni. Alikuwa mtoto tu anayengoja baba aseme kitu.

Kalamu iliwekwa mbele yake. Fundi akainyoosha mikono, si kwa kalamu, kwa paka. Akamweka kiganjani. Akafumba macho.

"Hapana," alisema.

"Mzee wangu, naelewa ni vigumu..."

"Daktari mwanangu, huyu ana mia mbili na zaidi. Mkono wangu unakataa namba yako."

"Mizani hii ni mpya, Mzee. Haina hata mwaka."

"Sijasema ni mbovu." Sauti yake ilikuwa imeshabadilika, ile ya masokoni, inayowanyoosha wauzaji. Alimkabidhi Vituko paka, akapiga magoti na miwani yake puani, shavu likalala juu ya meza. Akafumba jicho moja. Akatoa mfukoni kipande cha karatasi, akakipitisha polepole kati ya sahani ya mizani na ukuta. Kikapita kidogo. Kikakwama.

"Ahaa!" alipiga kelele mpaka mbwa wa chumba cha pili akabweka. "Imeegemea! Daktari, sahani inagusa ukuta! Ukuta unaisaidia mizani kumbeba paka! Mlipoingiza jokofu mkasukuma meza, sivyo?"

"Ju... Jumatano," daktari alisema.

Fundi akaivuta mizani kutoka ukutani, vidole viwili tu. Akaizima, akaiwasha. Sufuri. Akatoa kwenye begi lake, asiloliacha nyumbani, jiwe la shaba la kilo moja, akaliweka: elfu moja kamili, bila kutetereka. Akalitoa.

"Mlete," alimwambia Vituko.

Vituko alimweka Nusukilo kwenye sahani kama anayeweka yai. Namba zikakimbia. Elfu moja mia moja... zikapita! Mia mbili... zikapita! Zikayumba, zikatulia.

1,236.

Kelele zilizotoka mle ndani watu wa barabarani walizisikia. Mama Vituko alimkumbatia daktari, daktari akaichana karatasi vipande viwili, vinne, akavirusha juu, vikaangukia jokofu jipya. Vituko alikuwa analia na kucheka, anapiga meza kwa kiganja. "Thelathini na sita za ziada, Baba! Za ziada!"

"Tulia, tulia," Fundi alisema, huku miwani yake imejaa ukungu. "Kipimo kimoja si kipimo. Tunarudia mara tatu. Mrudishe hapo, mwinue kidogo, halafu..."

"Baba!"

Wanawake watatu walikuwa wanamwangalia. Nusukilo naye.

"Amekula saa ngapi?" Mama Vituko aliuliza.

"Saa... kabla hatujatoka nyumbani," Fundi alijibu. Akaitia mikono yote miwili mifukoni, akaikunja humo ngumi ili isitoroke. "Haya. Mia mbili thelathini na sita. Naamini."

Walirudi kwa miguu. Fundi alikataa kikapu. Alimbeba Nusukilo kifuani, hatua fupi fupi, magoti yamelegea, akikwepa kila shimo na kila kokoto, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa mpaka ukingoni.

"Baba, tembea basi, watu wanatucheka!"

"Wacha wacheke. Nimembeba mtu ameshiba."

Walipofika karakana alifuta ukutani ile 1,080, akafuta na 1,060, akaandika namba mpya kwa chaki, kubwa, mpaka vumbi likamwingia puani. Kisha akageuka.

"Kulabu yangu iko wapi?"

"Ya nini?" Vituko aliuliza, amekaa tayari kukimbia.

"Muuza vitunguu anaitaka mizani yake kesho. Ni ya kwake ile, mimi niliazima tu."

Vituko akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kabatini. Ilikuwa ndani ya kiatu cha mama yake, kile cha siku ile, ambacho hakuna mtu nyumbani humo aliyethubutu kukigusa tena.